Safu ya Sijui

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nafagia chumba cha kazi cha mama. Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo sakafuni hakukosi nyuzi, vipande vya kitambaa na pini. Pini naziokota kwa sumaku. Ni kazi ya dakika kumi tu, lakini Alhamisi ile nilifagia pembe moja mara tatu.

"We mtoto, una nini?" mama akauliza bila kuinua macho. "Tangu juzi unazunguka tu kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, mama."

Mbele yake kulikuwa na mabegi kumi na mawili ya darasa letu. Alikuwa anayashonea mikanda mipya, maana Jumamosi tulikuwa tunakwenda kuvuka makorongo. Makorongo ni ile nchi kavu iliyo nyuma ya mji wetu. Udongo umekatwakatwa na mvua za zamani, vilima vinafanana kama mapacha, hakuna njia, hakuna kibao, hakuna nyumba, na simu haishiki. Siku mbili kwa miguu.

"Kila mtu atabeba maji kiasi gani?" mama akauliza. "Nijue kama nipige mshono mmoja au miwili."

"Lita tatu."

"Tatu tu? Kwa siku mbili, jua lote lile?"

"Tunapolala kuna tangi. Tutajaza."

"Haya. Mmoja unatosha basi." Akakanyaga cherehani. Mimi nikatoka mbio, hata chai sikumaliza.

Tangi lenyewe ndilo lililokuwa linanikosesha raha.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani. Kila jambo la safari liliandikwa pale, na mbele yake kulikuwa na safu tatu: NIMEONA, NIMEAMBIWA, SIJUI. Kila mwanafunzi alipewa jambo lake akalichunguze, halafu aje atie alama kwenye safu inayostahili. Mimi nilipewa tangi la kambi ya jasi, ile jasi ya kutengenezea chaki. Kambi ilifungwa zamani. Aliyejua habari zake ni babu mmoja aliyekuwa dereva wa lori la jasi, ambaye siku hizi anashinda gereji. Nilitakiwa kumuuliza swali moja tu: tangi lina maji?

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza walikuwa wanaume wengi, wanacheka. Mara ya pili babu alikuwa chini ya gari, nikaona miguu tu. Sasa miguu utaiamkia vipi? Mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni, sauti ikagoma, nikakimbia. Ndivyo nilivyo. Shuleni wananiita Bi Kimya.

Siku ya kutia alama, wenzangu wote walikuwa wameshamaliza. Safu ya SIJUI ilikuwa nyeupe kabisa. Niliona aibu kuwa mtu wa kwanza kuichafua. Nikatia alama kwenye NIMEAMBIWA, kana kwamba babu kaniambia maji yapo, nikarudi kukaa.

Basi Alhamisi hiyo, mama alipokwisha kuyaleta mabegi shuleni, tuliyajaza, tukayapima kwenye mizani ya stoo. Spidi, mtoto wa mama mkubwa ninayesoma naye, lake lilizidi kilo tatu. Akatoa chupa zake mbili za ziada, akazimimina zote kwenye bustani.

"Spidi! Kwa nini unamwaga?" nikasema.

"Heee, jamani, Bi Kimya kaongea!" Wakaangua kicheko. "Nibebe maji ya nini, dada? Si umesema yapo?"

Maji yaliingia ardhini mara moja, hata tope halikubaki. Niliangalia pale pakavu. Mapumziko ya mchana nikaomba ruhusa, nikaenda gereji. Safari hii sikusimama mlangoni, maana nilijua nikisimama tu nitakimbia tena.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Si wewe uliyekuja juzi ukatimua mbio? Nikajiuliza, sura yangu imeharibika kiasi hicho?"

Mafundi wakacheka. Mimi nikang'ang'ania swali langu. "Babu, tangi la kambi ya jasi lina maji?"

"Lile? Lilipasuka mwaka juzi. Sasa hivi ni mchanga mtupu na popo. Kwani nani anakwenda huko?"

"Darasa letu. Keshokutwa."

Babu akaweka spana chini. Hakucheka tena.

Niliporudi, wenzangu walikuwa darasani na mwalimu, wanafunga mabegi. Nilijaribu kusema, maneno yakakwama. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaenda kwenye karatasi, nikaikata alama yangu. Pembeni nikaandika: *Sikumuuliza. Leo nimemuuliza. Tangi limepasuka.*

"Yaani ulitudanganya?" mmoja akapiga kelele.

"Na mimi yangu nimemwagia maua!" Spidi akasema.

Mwalimu aliisoma karatasi polepole. "Kwa alama hii moja," akaniambia, "nilipanga maji ya watoto kumi na wawili. Siku ya pili tusingekuwa na hata tone."

"Nisamehe, mwalimu. Nilimwogopa babu, halafu nikaona aibu." Hayo yalitoka, sijui vipi.

Mwalimu akawageukia wengine. "Kuna mwingine?"

Spidi akainuka, anajikuna kichwa. Yeye alipewa kupanda kilima aangalie kama korongo la mwisho lina pa kutokea. "Nilipanda nusu," akasema. "Jua lilikuwa kali." Akahamisha alama yake. Msichana wa dawati la mbele naye akainuka. Kengele ilipolia, safu ya SIJUI ilikuwa na alama tano.

Safari ikasogezwa mbele wiki mbili. Kilima kilipandwa mpaka juu, na korongo la mwisho likaonekana limeziba, tukabadili njia. Mama hakunigombeza sana. Alinipa sindano tu, akasema, "Mabegi kumi na mawili, mshono wa pili. Keti hapa." Na yule babu akakubali kupeleka mapipa ya maji kambini kwa lori, maana upande wa pili kuna barabara ya zamani ya malori. Siku ya kuyapeleka nilipanda naye.

Jioni ya siku ya kwanza ya safari tulifika kwenye tangi, midomo imetukauka. Ufa wake unapitisha mkono mzima. Spidi aliingiza kichwa ndani, akakitoa haraka, hakutania.

"Tazameni vizuri," mwalimu akasema. "Aibu ya kusema sijui inaisha siku hiyo hiyo. Lakini uongo ungetungoja hapa, mahali ambapo hakuna wa kumwomba maji. Asiyejua aseme, ili tumsaidie kujua."

Spidi akanisogelea akitikisa chupa yake tupu. "Dada, maji yapo kweli?"

Nikamwonyesha mapipa nyuma ya ukuta.

"Yapo," nikasema, na kila mtu alinisikia. "Nimeona."