Kidole cha Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa msemaji hasa. Mteja akija kupimwa suruali, aliondoka na habari za mtaa mzima. Lakini tangu juzi alishona kimya. Sindano ya cherehani ilikuwa imemchoma kidole. Akafanya kama mafundi waliomfundisha kazi: alikifunga uzi, akaukaza kwelikweli, ati maumivu yasipande mkononi.

Leo hata kitambaa laini kikimgusa, alishtuka.

"Makubwa haya," mkewe alimtania huku akipiga pasi. "Hariri nayo inauma? Mwanamume mzima unadeka."

Fundi alicheka, ila moyoni aliumia. Labda kweli mimi mwoga, aliwaza.

Jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Alipokiona kidole kimevimba na kubadilika rangi, aliisahau sare.

"Dada, lete mkasi. Uzi huu ukatwe sasa hivi."

Aliukata polepole.

"Shemeji, ukikaza hivi unazuia damu. Na askari wa mwili husafiri ndani ya damu. Ungekipoteza kidole."

"Lakini mbona hata hariri inamuuma?" mke aliuliza.

"Vijidudu vimeingia. Askari wa mwili wakikutana navyo, hutoa kemikali za kuitana. Kemikali hizo huifikia pia mishipa ya fahamu, nayo huwa myepesi kushtuka. Ukiguswa kidogo tu, unasikia maumivu makubwa. Ndiyo maana ukipata mafua makali mwili mzima unauma, na hakuna aliyekupiga."

"Kwa hiyo hadeki?"

"Hadeki, dada. Maumivu yake ni ya kweli, yanamwambia akilinde kidole. Tena nimemgusa, ana homa. Aende kituo cha afya leo, asingoje kesho."

Mke alizima pasi. Aliona aibu, na huruma ikamjaa. Wakaenda pamoja.

"Unasikia maumivu kiasi gani?" daktari aliuliza.

Fundi alimtazama mkewe. "Kidogo tu."

"Sema kweli, mume wangu," mke alisema. "Nisamehe. Mimi nakuamini."

"Yananitesa, daktari. Silali."

Alitolewa usaha, akapewa dawa, akazimaliza zote kama alivyoelekezwa. Wiki ya pili uvimbe ulikwisha na maneno yakamrudia. Mke alikishika kidole taratibu.

"Hapa?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hapo bado," fundi alisema bila aibu.

"Basi vifungo vya leo nitashona mimi."