Mwewe wa Shangazi

Shangazi yangu, mshonaji mstaafu, alikuwa na mdomo ambao majirani walisema hauna breki. Mume wake alipofariki, alibaki hana wa kuongea naye ila mimi, nami nilishinda kazini. Basi aliposikia kituo cha kutibu ndege kinatafuta watu wa kujitolea, alienda siku hiyo hiyo. Akakabidhiwa mwewe aliyevunjika bawa.

"Mlishe, msafishie banda, toka," daktari wa ndege alimwambia. "Usimzoeshe sauti yako. Akizoea watu, porini hatadumu."

Kumwambia shangazi anyamaze ni sawa na kuyaambia maji yapande mlima. Kila siku alijifungia naye kwenye banda lile la wavu, akimkatia nyama vipande vipande huku akimsimulia: ndoa yake, wapangaji wake, magoti yake, na mimi.

"Ananisikiliza kuliko wewe, Kijiti," alinitania. Kijiti ndiye mimi, kwa wembamba wangu. "Siku hizi anafungua mdomo kama anataka kujibu."

Nikacheka. Mfupa ukaunga. Daktari akasema mwewe yuko karibu kuachiliwa.

Alasiri moja nilikuwa nyumbani, siku yangu ya mapumziko, shangazi akarudi mapema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Kijiti."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia kifuani. Kisha akayapitia madirisha, akayafunga moja moja, ingawa joto lilikuwa kali. Hakuketi. Alipanda juu ya mgongo wa kochi, akachuchumaa hapo, mikono kaibana mbavuni.

"Shangazi, magoti je?"

"Yamepona."

Simu yangu ikalia. Alikuwa daktari wa ndege, ananong'ona.

"Shangazi yako nimemkuta amefungiwa bandani. Yuko hai, ila hatoi sauti. Mwewe hayupo. Na mimi mwenyewe niliagana na shangazi yako getini muda si mrefu. Aliyetoka hapa ni nani? Tunakuja."

Nikashusha simu. Yule wa kwenye kochi alikuwa ameshageuka kunitazama. Kichwa tu. Mabega yalikuwa bado yameelekea dirishani.

"Nani huyo?"

"Wamekosea namba."

"Tangu utoto hujui kudanganya, Kijiti."

Maneno hayo ni ya shangazi. Aliniambia hivyo mara nyingi.

Nikatazama mlango. Nikatazama madirisha. Zile nondo tulizoweka kuzuia wezi, sasa zilinizuia mimi.

Akaanza kusimulia. Ndoa. Wapangaji. Magoti. Kwa sauti ya shangazi, neno kwa neno, bila kuvuta pumzi. Nikisogeza mguu, ananyamaza. Nikitulia, anaendelea. Jasho likaniingia machoni. Sikulifuta. Yeye hakupepesa hata mara moja.

Nje pakagongwa.

Akashuka kwenye kochi bila kishindo. Akaingia chumbani kwa shangazi. Akajifungia.

Daktari alivunja kitasa. Nyuma yake alisimama shangazi, nywele zimejaa majani makavu, mdomo wazi, koo linahangaika. Hakuna kilichotoka.

Tuliusukuma mlango wa chumba hadi ukafunguka. Hamkuwa na mtu. Nondo za dirisha zilikuwa nzima. Mto ulikuwa umechanwa, pamba yake imekusanywa duara katikati ya kitanda. Ndani ya ile pamba kulikuwa na yai.

"Haiwezekani," daktari alinong'ona. "Yule alikuwa dume."

Akaliokota, akalisogeza sikioni, kama afanyavyo kusikiliza kifaranga. Uso ukambadilika. Akanipa mimi.

Lilikuwa na joto. Nikaliweka sikioni. Kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya kuta nyingi, nilisikia sauti ya shangazi.

"Kijiti. Nifungulie."

Nikainua mkono nilipasue. Shangazi akanishika kifundo cha mkono. Akatikisa kichwa.

Hajasema neno tangu siku ile. Yai liko kwenye kopo, juu ya kabati lake. Nikitaka kulitupa, ananizuia. Nikitaka kulipasua, ananizuia. Jana nililigusa tena.

Bado lina joto.