Kibodi ya Pili

Shamila alikuwa ndiyo kwanza ameketi kuanza kazi pale kompyuta ilipomwambia kwamba kuna kitu kimeongezeka.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nane, mwaka 2003, nyumbani kwake Makole, Dodoma, upepo ukipiga mabati na vumbi likipenya hata palipozibwa kwa matambara. Kwenye kona ya skrini kilichomoza kidirisha, kwa Kiingereza: kifaa kipya kimeonekana. Hakuna aliyechomeka kitu. Akakifunga, akaendelea kuchapa ripoti ya mwanafunzi wa chuo. Kompyuta ile ilikuwa ya marehemu mumewe, Jamaldini, aliyeugua muda mrefu homa ya uti wa mgongo na kufariki mwezi wa tatu. Shamila alikuwa ametoka eda wiki tatu tu, na kuchapa ndiko kulikowalisha yeye, mama yake Bi Mgeni, na bintiye Swaumu wa miaka mitano.

Kesho yake onyo likaja kubwa, katikati ya skrini. Vifaa vya mashine hii vimebadilika. Mwenye mashine akubali mabadiliko ndani ya siku tatu, la sivyo itajifunga. Shamila aliogopa kupoteza kazi za watu. Akabonyeza ndiyo.

Mchana akamwita Ambokile, fundi wa kompyuta aliyekuwa rafiki wa Jamaldini.

"Dada, nani kaifungua hii?" Ambokile aliuliza.

"Hakuna aliyeigusa."

Fundi akafungua orodha ya vifaa, akashuka nayo mstari kwa mstari, kisha akasita.

"Una kibodi ngapi?"

"Moja. Si hiyo hapo mbele yako?"

"Hapa zipo mbili."

Akachomoa waya wa kibodi, akazima mashine, akawasha. Orodha ikaonyesha imebaki moja. Ambokile akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipa moyo, akashika bisibisi na kufungua boksi. Akapuliza vumbi, akatoa kadi moja moja na kuzirudisha. Hakukuta kitu, ila harufu ya udongo uliolowa ilimpanda puani, na Dodoma ilikuwa haijaona tone la mvua tangu mwezi wa nne. Alipowasha tena, ukurasa mweupe ukafunguka wenyewe, na huku waya wa kibodi ukining'inia mezani, herufi zikaanza kutokea, moja moja, kama za mtu anayechapa kwa kidole kimoja.

*mama swau*

Ni Jamaldini peke yake aliyemwita hivyo.

"Hii siiwezi, dada," Ambokile alinong'ona, tayari yuko mlangoni. "Nisamehe. Hii si kazi ya fundi."

Shamila angeweza kuizima. Badala yake alirudisha waya, akafunga mlango wa chumba, na akaandika: *Ni wewe?* Jibu likaja polepole: *umekula leo*. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu msibani. Akalia mpaka kanga ikalowa, na siku ile na iliyofuata hakuchapa ripoti ya mtu yeyote.

Siku ya tatu, adhuhuri, Bi Mgeni alitoka kusali akamkuta mjukuu wake amesimama mbele ya skrini, pua karibu inagusa kioo. Swaumu hakujua hata herufi moja, lakini alikuwa akiitikia, "Naam, baba. Ndiyo, baba. Nikija nije peke yangu?"

Bibi alimnyakua mtoto bila kuuliza, akatoka naye mbio kumfuata Maalim Hassani, mwalimu wa madrasa.

Maalim alifika baada ya alasiri. Alichoma ubani, akasoma kimya kwa muda mrefu, kisha akamtazama Shamila kwa huruma.

"Maiti haandiki, binti yangu. Huyu ni jini. Amesikia kilio cha nyumba hii, akalivaa jina la mumeo. Aliomba ruhusa, akapewa?"

Shamila akalikumbuka onyo, na kidole chake. "Nilibonyeza ndiyo, Maalim."

"Basi mimi nitasoma, lakini wewe ndiye mwenye nyumba. Mwambie atoke, mara tatu, kwa ulimi wako."

Maalim akaanza kusoma, na mashine ikaanza kuunguruma, ubani ukazidiwa na ile harufu ya udongo mbichi, na Shamila, ameshikilia ukingo wa meza kama mtu anayechukuliwa na mafuriko, akasema toka, na taa ikafifia, akasema toka tena, na mlio wa vibonye ukasikika kwa kasi pande zote za chumba, ukutani, darini, chini ya kiti chake, ingawa kibodi yake ilikuwa imetulia mbele ya macho yake, hadi ghafla kila kitu kikanyamaza na mstari mmoja ukajiandika.

*mama swau nina baridi huku*

Jamaldini walimzika katikati ya masika, kaburi likiwa na maji. Shamila aliugusa mstari ule kwa kidole, toka ya tatu bado haijasemwa.

"Sema, mwanangu!" Bi Mgeni alisihi. "Sema mara moja tu!"

"Siwezi, mama. Najua si yeye. Siwezi."

Maalim alifunga msahafu taratibu. "Mlango ni wako. Mimi siwezi kuufunga badala yako."

Bi Mgeni hakugombana na bintiye. Alifunga nguo za Swaumu kwenye kitenge, akambeba mgongoni kwenda kwa mjomba wa mtoto, mtaa wa Ipagala. Mlangoni aligeuka. "Ukiweza kusema, utatufuata."

Shamila alipobaki peke yake alichomoa waya wa umeme ukutani. Skrini ikafa. Jua lilikuwa bado dirishani alipojilaza kitandani na nguo zake, amegeukia ukuta, akijaribu kulitamka lile neno moja. Nyuma yake godoro likaanza kubonyea, taratibu, kama linavyobonyea mtu anapoketi kwa adabu asimwamshe mwenzake.

Jamaldini alikondeana kwa ugonjwa hata Shamila alikuwa akimwinua peke yake. Kilichokuwa kikilala nyuma yake kilizidi kuwa kizito, na chaga za kitanda zikaanza kukatika, moja baada ya nyingine.