Kibati Kilichobaki Ubaoni

Jua lilikuwa linazama niliporudi kiwandani kuchukua kipima gesi changu.

Nilikuwa nimekisahau mchana kwenye dirisha la mlinzi. Nyumbani nilimwacha binti yangu amekaa kwenye kigoda, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona nyoka. "Nakwenda na kurudi, mama," nikamwambia. "Usilale." Baba yake, ambaye ni mwalimu, alikuwa anasahihisha madaftari mezani na hakuinua kichwa.

"Mwambie mtoto ukweli," alisema. "Unakwenda kumtangulia Pua."

Mume wangu ananijua. Kipima gesi kingeweza kulala huko hadi asubuhi na dunia isingepasuka. Lakini asubuhi Pua angekuwepo, nami nilikuwa nimechoka kumkuta Pua ameshafika.

Kazi yetu ni kwenda kwenye viwanda vya kemikali baada ya ajali. Wengine wanabeba majeruhi, wengine wanazima moto, sisi tunakuja mwisho kuuliza kwa nini. Pua, kama tunavyomwita kazini, nilimfundisha mimi. Alikuja ofisini hajui hata kukaza barakoa, nikamwonyesha jinsi ya kusimama upande unakotoka upepo, jinsi ya kuisoma koki iliyoungua. Leo hii tukiingia mahali, mkuu wetu anauliza, "Pua amenusa nini?" Mimi naulizwa kama gari lina mafuta.

Kila mara jibu analipata yeye. Anazunguka kidogo, anasimama kimya, kisha anaonyesha kidole. Palepale. Watu wanampigia makofi, nami napiga pia, mikono ikiniuma. Donge lilikuwa limenikaa hapa kooni, halishuki wala halitoki. Nilijiliwaza kwa kumtania. Pua hakuwa na mke wala mtoto, alipanga chumba kimoja chenye kitanda na birika. "Asiye na mwana aeleke jiwe," nilimwambia siku moja mbele ya wenzetu. Alicheka pamoja nao. Hata kucheka kwake kuliniudhi.

Kiwanda hiki kilitengeneza dawa ya kung'arishia nguo. Siku ya ajali, asidi iliingizwa kwenye tangi la dawa hiyo, na viwili hivyo vikikutana vinazaa gesi ya klorini. Ni nzito, inashuka chini na kutulia mabondeni kama maji. Kwa hiyo ukiiona, unapanda juu. Kila mfanyakazi pale alilijua hilo. Lakini mwanamke mmoja, mwendeshaji wa pampu, alikimbia kwenda chini, kwenye shimo la pampu, akafia humo.

Hakuna aliyejua kwa nini alishuka. Wala hakuna aliyejua asidi iliingiaje kule, kwa sababu midomo ya matangi mawili, la asidi na la dawa, haifanani. Mpira wa tangi hili hauwezi kuvaa mdomo wa tangi lile. Mara hii, nikajiapiza, jibu nalipata mimi.

Getini palikuwa na ubao wenye misumari. Anayeingia anatundika kibati chake chenye namba, anayetoka anakichukua. Ajali ikitokea, mlinzi anautazama ubao na kujua nani bado yumo ndani. Cha yule mwanamke kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari wa mwisho. Tulikuwa tumeagiza kitu chochote kisiguswe hadi tumalize.

Ila mchana ule nilimwona Pua akikigusa. Alitundika cha kwake, akatazama huku na huku, akakichukua kile cha marehemu na kukitia kwenye mfuko wa shati. Akashuka shimoni peke yake. Nilipochungulia, alikuwa amesimama mbele ya pampu… midomo inacheza.

Kumbe! Kumbe hakuwa na akili kuliko mimi. Alikuwa na njia: aliwauliza wafu.

Badala ya kuogopa, roho iliniuma. Kwa nini yeye? Kwa nini asiniambie mimi niliyemfundisha?

Basi jioni ile mlinzi alinipa kipima gesi, akasema, "Mhandisi, giza linaingia."

"Naingia mara moja tu."

"Haya. Tundika kibati."

Akageukia redio yake. Nikatundika changu. Kisha nikanyoosha mkono kwenye ule msumari wa mwisho, nikakichukua cha marehemu, ambacho Pua alikuwa amekirudisha.

Kilikuwa kimelowa. Mvua haikuwa imenyesha.

Ngazi ya shimo ni ya chuma. Kila nilipokanyaga, ililia, kisha ikalia tena chini yangu, kama vile kuna mwingine anashuka mbele. Nikasimama. Ikalia mara moja zaidi… ikanyamaza.

Harufu ilinipokea chini, kali, ya kuchoma macho. Nikawasha kipima. Sifuri. Nikakigonga. Sifuri. Chombo kilisema hewa ni safi, na koo langu lilikuwa linafunga.

"Leo umekichukua wewe."

Alikuwa upande wa pili wa pampu. Niliona ovaroli na mikono miwili imeshika bomba. Uso ulikuwa kwenye giza. Sauti yake ilikuwa na maji ndani, kama ya mtu anayesukutua.

"Pua hakuja," nikanong'ona. Nakiri nililisema hilo kwa furaha.

"Yule kaka mpole. Namdokezea tu… kidogo kidogo. Hana haraka."

"Mimi niambie yote."

Tone likaanguka mahali. Jingine.

"Nyumbani kwako kuna nani?"

"Mume. Na binti."

"Mkubwa?"

"Anamaliza shule ya msingi. Nimemwacha kichwa nusu hakijasukwa."

"Unamsuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na wanakungoja?"

"Wananingoja," nikasema, nikiharakisha ili tufike kwenye maana.

"Mume wangu ameshaleta mwingine. Ovaroli yangu ya pili bado iko kwenye kamba, haijaanuliwa." Akavuta pumzi, ikakoroma. "Una bahati."

Alilisema taratibu sana. Mimi, niliyeujua wivu kama ninavyoujua mlango wa chumba changu gizani, sikuutambua uliposimama mbele yangu.

Kisha akaniambia. Mpira wa asidi ulikuwa umepasuka, na msimamizi hakutaka kusimamisha kazi. Akaagiza karakana ichonge kipande cha chuma cha kuunganishia. Kwa kipande kile, mpira wowote uliingia mdomo wowote. Siku ile moshi wa njano ulipoanza kupanda, msimamizi alimshika bega. Kakitoe. Kakifiche shimoni kabla wakaguzi hawajaja.

"Ukashuka? Na ulijua?"

"Nilijua. Lakini kazi nilikuwa naihitaji."

Majibu yote mawili kwa mpigo! Nilimwona mkuu wetu akinigeukia mimi. Nilimwona Pua akipiga makofi, mikono ikimuuma.

"Kiko wapi?"

"Chini ya pampu. Huko nyuma kabisa… Inama."

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikampa mgongo, nikapiga magoti, nikaingiza mkono hadi begani. Vidole vikagusa chuma. Kizito, baridi. Nikakivuta, nikasimama.

Mkono ulikuwa mtupu.

Shimoni hamkuwa na mtu. Juu, ngazi ilikuwa inalia. Hatua za mtu anayepanda bila haraka.

"Subiri!" nikaita. Sauti yangu ikatoka na maji ndani yake.

Nilipanda mbio. Nilipofika getini, msumari niliotundikia kibati changu ulikuwa mtupu. Nikapapasa mfukoni kutafuta kile cha marehemu. Hamna. Kilikuwa ubaoni, mahali pake, kinayumba kidogo.

"Mzee, nani amechukua kibati changu?"

Mlinzi alikuwa ananitazama usoni. Akapiga miayo, akafunga dirisha.

Nje ya geti mwanamke mmoja alikuwa anaelekea kwenye gari langu. Kofia yangu. Mkoba wangu, umelemewa na kitu kizito. Mwendo wangu ule wa kuburuza kidogo mguu wa kushoto. Simu ikalia mkobani, akaipokea.

"Nakuja, mama," akasema kwa sauti yangu. "Usilale."

Mwishoni akakohoa.

Nilitaka kumkimbilia. Nilivuka geti, nawaapia nilivuka, na kila nilipovuka nilijikuta kwenye ngazi ya shimo, nimeelekea chini.

Asubuhi walikuja wote. Yeye, mwenye sura yangu, alitangulia. Aliwakusanya kwenye midomo ya matangi, akatoa kipande cha chuma mkobani, akakivalisha mdomo wa kwanza, kisha wa pili. Kikaingia kote kote. Akaeleza habari ya karakana, ya msimamizi, ya mwanamke aliyetumwa kufa. Mkuu wetu alimtazama kama hajawahi kuniona. "Mama," alisema, "leo umemshinda Pua." Watu wakampigia makofi. Makofi niliyoyangoja miaka yote, nikayasikia nimekaa juu ya pampu.

Hilo ningelimeza. Lakini baadaye alisogea pembeni, karibu na shimo, akampigia simu mtoto wangu.

"Nywele bado zinakubana? … Zitalegea. Baba amesema umependeza? … Si nilikuambia."

Alikata simu, akachungulia chini, moja kwa moja niliko. Hakucheka wala hakunisimanga. Akanitazama tu kama mtu anavyotazama nyumba aliyohama, akaenda zake.

Pua hakupiga makofi. Nilimwona juu akisimama mbele ya ubao kwa muda. Kisha akatundika kibati chake, akachukua kile cha msumari wa mwisho, akashuka. Ngazi ikalia mara moja tu kwa kila hatua.

"Dada," akanong'ona. "Ni wewe?"

Nikashika bomba kwa mikono miwili.

"Nimejua asubuhi. Amekunywa chai na mimi bila kunitania. Wewe hujawahi kuniacha salama." Alijifuta macho. Sijui kama ni harufu. "Ningekuonya, dada, lakini ungesema nakubania. Hawa hawamdhuru mtu asiye na kitu. Kila mara wananiuliza nyumbani kuna nani. Nawaambia, birika."

"Nitoe," nikasema.

"Sijui njia. Naapa sijui. Lakini nitatafuta. Nitapita kwako kila wiki nimwangalie mtoto." Akaketi kwenye ngazi. "Na kazi ilikuwa inakuja kwako, ujue. Mkuu anastaafu, nimeshamwambia kiti akupe wewe. Mimi naacha. Sitaki tena kuongea na… na watu wa chini."

"Utaishi vipi?"

Hapo alitabasamu. Mahali kama pale, mjinga yule alitabasamu.

"Nimepata mtu, dada. Tunaoana mwezi ujao. Ameshahamishia sufuria zake kwangu, chumba hakitoshi. Nilitaka uwe wa kwanza kujua."

Nilimpenda wakati ule, aliye juu ni shahidi. Alikuwa mdogo wangu na alikuja kunililia. Lakini donge lilikuwa linapanda, lile lile la zamani, sasa lina maji. Kule juu kibati chake kilikuwa kinaning'inia. Nikawaza: kwa sura yake ningeweza kupita mtaani kwetu, nikabisha hodi hata kwa kuomba maji, nikaziona zile nywele.

"Na jioni anakungoja?" nikauliza.

"Ananingoja."

"Una bahati, mdogo wangu," nikamwambia, taratibu. "Hebu niangalizie kitu hapo chini ya pampu. Huko nyuma kabisa."