Samli Kwenye Kipimo

Sokoni Ngara, Oktoba 1978, Marsiana alikuwa akichagua ndizi pale kijana mmoja aliyevaa suti ya kaunda ya kijivu alipomwomba mkono.

"Mkono wangu wa nini, kaka?"

"Niupime. Chombo hiki kinamulika ngozi, halafu sindano inaonyesha ni mwanga kiasi gani umerudi."

"Na usiporudi?"

"Umemezwa humo ndani. Ndicho wakubwa zangu wanachotaka kujua."

Marsiana alicheka, akapandisha mkono wa blauzi yake ya maua. Kijana huyo, Celestini kutoka Biharamulo, aliandika namba, akakosea, akafuta. Akamwomba arudi Jumamosi ijayo, kipimo kirudiwe palepale. Marsiana, mpokea simu wa posta, alikubali haraka kuliko inavyompasa msichana wa kijijini Mabawe.

Jumamosi hiyo alijipaka samli mikono yote, kama shangazi yake alivyomfundisha: msichana haendi kwa anayempenda akiwa amepauka. Alimeremeta. Lakini Celestini alikuwa ameshinda akigombana na sindano, maana wengi walikuja wamejipaka mafuta, na mafuta hurudisha mwanga usio wa ngozi. Aliona mkono, hakumwona mwenye mkono.

"Huyu akaoge kwanza. Ananiharibia kazi."

Foleni nzima ya waliosubiri kupimwa ilicheka. Marsiana alishusha mkono wa blauzi, akaenda zake. Kuna wanaume wamesoma, lakini kutazama hawajui.

Vita vikaanza. Gari la mradi wa vipimo likachukuliwa na jeshi, Celestini akakwama Biharamulo, na kila alipopiga simu Ngara kumtafuta msichana ambaye hakumtoka moyoni, alipokewa na sauti yake ileile.

"Posta Ngara."

"Marsiana, mpenzi, ni mimi."

"Unataka kuunganishwa na nani?"

"Na wewe."

"Laini ni za jeshi, kaka."

Akakata. Ikawa hivyo wiki tatu. Celestini aliapa hatapiga tena, na kesho yake akapiga.

"Usikate, tafadhali. Kesho naondoka na mgambo. Nilikukosea. Sikujua ulijipamba kwa ajili yangu."

"Nani amekwambia?"

"Dada yangu Odeta, nilipomsimulia ya sokoni. Alinisema mpaka nikaona haya."

"Amefanya vizuri."

"Nataka kukuoa, Marsiana. Nimtume mshenga kwa nani?"

Kabla hajajibu, sauti nzito iliingia kutoka laini nyingine. "Posta, hapa jeshi. Tunataka Bukoba sasa hivi."

"Subiri, afande," alisema Marsiana, neno ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi. Akarudi kwa Celestini. "Baba yangu ni Bernardo, wa Mabawe. Mshenga asiende peke yake. Uje naye wewe mwenyewe, vita vikiisha."

"Vinaweza kuchukua mwaka mzima."

"Sijakuuliza vitachukua muda gani. Nimekwambia uje."

Akachomoa waya, akamuunganisha afande na Bukoba, ndipo akalia.