Nywele za Upande Mmoja

Kila Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, Adèle alivuka kwa mtumbwi hadi ng'ambo, kwa Koko Madina, mama wa mama yake. Ndoa ya wazazi wake ilikuwa imevunjwa barazani mwaka uliopita. Mama alihamia Bengamisa, naye Adèle akabaki Kisangani na baba yake, Papa Lambert, karani wa bandari.

Koko alimkalisha mkekani akamsuka nywele kwa uzi mweusi, taratibu, huku maporomoko ya maji yakisikika kwa mbali kama mtu anayeongea usingizini. Adèle alifumba macho. Aliwaza kwamba kila mstari kichwani mwake ni njia, na njia zote zinaishia magotini pa Koko.

Jumapili moja uzi uliisha kabla upande wa kulia haujaguswa.

"Naenda kwa jirani kuomba uzi," alisema Koko. "Usiondoke hapa. Miguu yako naijua, ina akili zake yenyewe."

Mara meli ikapiga honi. Ilipita katikati ya ukungu, nyeupe, kama nyumba iliyong'oka ikaanza safari. Adèle aliifuata kwa macho, kisha kwa miguu. Ukingoni aliteleza, akatumbukia hadi kifuani. Mvuvi alimvuta mkono akamtoa, lakini kiatu kimoja kilikwenda na maji. Aliona aibu kurudi kwa Koko, akapanda mtumbwi kwenda nyumbani.

Papa Lambert alilitazama gauni lililolowa. "Koko wako alikuwa wapi?"

"Aliniacha peke yangu," alijibu Adèle. "Alikwenda harusini."

Papa alilikamua pindo la gauni. "Bon. Basi kule huendi tena. Mto ule si mchezo."

Kesho yake Koko alikuja kumuulizia mjukuu wake, akarudishwa mlangoni. Akaenda kushtaki barazani.

Wiki ile shuleni Émilie, mwanafunzi mwenzake, hakumwacha Adèle apumue. "Njooni mwone! Huku bibi harusi, huku kifaranga kilichonyeshewa!" Mama Colette, mke mpya wa Papa, alitaka kuzifumua nywele zile. Adèle alikataa, akajifunga kitambaa. Ilikuwa kana kwamba upande mmoja wa kichwa umeshaamka, na ule mwingine umelala ukimngoja Koko.

Siku ya baraza, Koko alisimama mbele ya Hakimu Augustin. "Mzee, simdai mtoto awe wangu. Naomba Jumapili zangu tu."

"Alimtelekeza mtoni akaenda harusini," alisema Papa. "Mtoto angekufa."

"Harusi ya nani?" aliuliza Koko. Alimtazama Adèle.

Hakimu alimwambia Adèle afungue kitambaa. "Nani alikusuka?"

"Koko."

"Mbona hakumaliza?"

Adèle aliona mkono wa Koko. Ulikuwa umeshika kibunda cha uzi mweusi ambacho hakijafunguliwa bado.

"Uzi uliisha," alisema kwa sauti ndogo. "Koko alikwenda kuuomba kwa jirani, akaniambia nisiondoke. Mimi nilifuata meli. Harusi haikuwapo. Nilidanganya, Papa."

Papa Lambert aliinamisha kichwa. Hakimu hakuharakisha maneno.

"Papa Lambert, kumlinda mtoto na maji ni wajibu wako. Lakini baraza lilipovunja ndoa, lilitenganisha mume na mke. Bibi na mjukuu hawakuwa na kesi. Adèle atakwenda kwa bibi yake kila Jumapili na kurudi kabla ya jioni, na mtu mzima atamvusha."

Jumapili iliyofuata mtu mzima huyo alikuwa Papa mwenyewe. Aliomba radhi, akapewa kiti, akatazama vidole vya Koko vikienda na kurudi mpaka ukungu ukaisha mtoni.

"Kumbe kazi hii ni ndefu hivi?" aliuliza.

"Ndiyo maana nilidai Jumapili nzima, mkwe wangu."

Adèle alifumba macho. Upande wa kulia ulianza kuamka, mstari kwa mstari. Koko alikaza fundo la mwisho, akamgeuza uso.

"Uongo wako ulikuwa mdogo, mjukuu wangu, lakini uliupanua mto huu hata mimi nikashindwa kuvuka. Siku nyingine ukianguka, rudi kwangu hivyo hivyo ulivyolowa, uniambie kweli. Nguo zitakauka."