Mama Anapanda Ngazi

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi miwani alipotoka duka la dawa, pampu ya pumu mfukoni. Ya zamani ilikuwa imeisha mchana. Binti yake alikuwa nyumbani, juu mlimani, na bibi yake, mama mzazi wa fundi. Kwenye simu ya mwisho fundi alisikia pumzi ya mtoto ikipiga filimbi nyuma ya sauti ya mama yake.

"Usikawie, mwanangu. Rangi ya midomo yake siipendi."

Kisha simu ikakatika. Upepo ulikuwa umeangusha kitu mahali fulani, na mlima mzima ulikuwa gizani.

Barabara ya kupanda huko ilikuwa imezibwa na mti. Lilibaki gari la kebo, lenye jenereta yake, vile vibanda vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya na kupita juu ya mapaa ya watu. Wakazi wa juu walilipenda na kulisengenya. Mtu akipiga chafya bondeni, walisema, gari letu linasimama. Lilikuwa zima siku zote ambazo huna haraka nalo.

Kituoni hapakuwa na foleni. Vibanda viliingia vitupu, vikiyumba, vikigonga mpira wa ukingoni. Du... du... Mhudumu, kijana mnene mwenye koti la manjano, alikuwa akitazama kipima upepo.

"Shikamoo, mzee. Tunakaribia kufunga."

"Marahaba. Kukaribia si kufunga."

"Upepo umefika mstari wa njano. Ukifika mwekundu nazima. Kwenye njano ni watu wawili kwa kibanda, si chini ya hapo. Peke yako sikupandishi."

"Mtoto wangu hapumui vizuri."

"Pole sana. Mlete mwenzako, nawapandisha sasa hivi."

"Nimtoe wapi? Mlinzi wenu yule pale je?"

"Yule? Yule akipanda juu ya kiti tu anaita mama yake."

Fundi hakucheka. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Maisha yake yote alisaga vioo vya miwani, kazi isiyosamehe hata kosa jembamba kama unywele. Lakini uongo ule ulimtoka wenyewe, umekamilika, na maelezo yake.

"Niko na mama yangu. Anapanda ngazi. Magoti yanamsumbua, anakuja polepole."

Magoti! Mama yake, aliyehamia kwake tangu mkewe afariki, alikuwa akipanda mlima ule kwa miguu na kumwacha yeye nyuma anahema.

Kijana alilainika. "Si ungesema mapema! Mama unamwachaje ngazini peke yake?"

Fundi aliingia haraka kwenye kibanda kilichokuwa kinapita taratibu, akiomba mlango ufungwe kabla uongo wake haujaonekana. Mhudumu alitazama nyuma ya bega la fundi. Akatabasamu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Taratibu... mguu hapa. Haya."

Kibanda kilizama kidogo, kama kinavyozama mtu anapoketi.

Mlango ukafungwa.

Kijana ana roho nzuri, fundi aliwaza. Ameujua uongo wangu na ameamua kunisaidia. Akatazama kiti cha mbele yake. Kilikuwa kitupu.

Walipanda. Mapaa yalididimia gizani. Vibanda vilivyokuwa vinashuka vilipepesuka kama walevi, kimoja baada ya kingine. Chake hakikuyumba. Kilitulia kabisa, kama kitu kilichoshikwa kwa mikono miwili.

Kisha ikaja harufu... ya nguo zilizofungiwa mahali bila kuona jua.

Katikati ya bonde, gari lilisimama.

Upepo ulipiga kioo. Waya ukanguruma juu ya kichwa chake. Na chini ya mngurumo huo, karibu sana, fundi akasikia kitu kingine. Viganja vikavu vikisugua kitambaa. Polepole, kwa kurudiarudia.

Shrr... shrr...

"Nyumba ipi?"

Ilikuwa sauti ndogo, ya kunong'ona. Fundi alinyanyua macho kwenye spika ya dharura. Mhudumu anataka kujua nashukia wapi, aliwaza, labda atume msaada.

"Nyuma ya kituo cha juu," alijibu. "Yenye mlango wa kijani."

Spika haikusema kitu. Gari likaondoka.

Kule juu mlango ulipofunguka, kibanda kiliinuka kidogo. Fundi alikuwa bado ameketi.

Mhudumu wa juu alikuwa mama wa makamo, amejifunga mtandio hadi puani. "Kimbia, baba. Mama yako ameshatangulia. Ana haraka yule!"

"Nilikuwa peke yangu."

Mwanamke alirudisha mkono aliokuwa amemnyooshea.

"Kwenye njano? Amekupandishaje?"

"Nilidanganya. Mtoto ni mgonjwa. Uzito wa mtu mmoja ungebadilisha nini?"

"Nani kakwambia ni uzito?" Alishusha sauti. "Kibanda hiki kinapanda kitupu, kinapanda na wanane, waya haujali. Kuna mtu alikwama humo peke yake. Upepo ulichafuka, tukafunga, tukamsahau hadi akafa. Tangu hapo hatumwachi mtu na kiti kitupu mbele yake... Baba, ulisema uko na nani?"

Fundi alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mlango wa kijani ulikuwa umerudishiwa tu. Aliusukuma, na upepo ukaubamiza nyuma yake. Ndani mshumaa ulikuwa unawaka. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, amempakata mtoto, mgongo kwa mlango. Ile filimbi ya pumzi ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi.

"Lete, mwanangu."

Akampa pampu. Mama alimwekea mtoto mdomoni, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kidogo kidogo filimbi ikafifia. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akalala. Fundi aliegemea ukuta, machozi yakimtoka.

Ndipo mlango wa jikoni ulipogongwa.

"Mwanangu! Ni wewe umeingia? Nifungulie! Nilitoka kuchungulia kama unakuja, upepo ukanifungia nje!"

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Fundi alitazama kitandani. Mwanamke hakugeuka. Mkono mmoja ulimkumbatia mtoto. Mwingine ulishuka taratibu kwenye kanga.

Shrr... shrr...

"Usifungue," alinong'ona. "Baridi itamwingia mjukuu wangu. Njoo unikande haya magoti. Zile ngazi zimenimaliza."

Usingizini, mtoto alijisogeza zaidi kifuani mwake.